Vali ya springla inavuja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuitengeneza mwenyewe

Vali inayozungumziwa hapa ni ile ya umeme inayofunguliwa na taima, iliyofukiwa ndani ya boksi kwenye nyasi au iliyosimama juu ya ardhi karibu na ukuta. Vali nyingi zinazovuja hazijafa. Zimeshika uchafu. Kwa hiyo usinunue vali mpya wala usikate bomba kabla hujaifungua hiyo uliyo nayo na kuitazama ndani.

Taima imezima lakini maji bado yanachuruzika kwenye kichwa kimoja cha springla. Hiyo ni vali?

Si lazima. Vali inapofunga, maji yaliyobaki ndani ya bomba la zoni (kundi la vichwa vinavyolishwa na vali moja) hushuka kwa uzito wake na kutokea kwenye kichwa kilicho chini kuliko vingine vyote. Hutiririka kwa dakika kadhaa, na bustani ikiwa na mteremko na bomba likiwa refu huchukua muda zaidi, halafu hukatika yenyewe. Ukibadilisha vali kwa ajili ya hilo, utakuwa umetibu mguu wakati jino ndilo linauma. Dawa yake ni kuweka, pale chini, kichwa chenye kizuizi cha ndani kinachoyashika maji presha ikishuka.

Vali inayovuja haikatiki. Asubuhi ukienda kabla zoni haijawashwa, utakuta kichwa bado kinatoa maji, udongo umelowa, pengine na ukungu wa kijani umeanza kuota hapo. Ukitaka kujua unapoteza kiasi gani, kinga maji hayo kwa kikombe na utazame saa. Mililita 250 kwa dakika 5 ni lita 72 kwa siku. Mvujo unaoonekana mdogo ukiutazama tu huwa si mdogo ukiupima.

Zoni nzima inamwaga maji kwa nguvu na haizimiki. Taima ndiyo mbovu?

Chomoa taima kwenye umeme kisha subiri dakika mbili. Maji yakikatika, vali yako ni nzima. Inaletewa umeme wakati haipaswi, na kosa liko kwenye taima, kwenye ratiba uliyoipanga au kwenye nyaya. Maji yakiendelea, tatizo liko ndani ya vali yenyewe. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na wengi hukiruka. Hakifai tu kwa taima za betri zinazofungwa juu ya vali, kwa sababu hizo hutuma umeme mara moja ya kufungua na mara moja ya kufunga. Ukichomoa betri katikati, vali hubaki vilevile ilivyokuwa.

Kwa nini punje moja ya mchanga inaweza kuizuia vali kufunga?

Ukilielewa jibu hili, mengine yote yaliyo chini yatakuwa mepesi.

Ndani ya vali kuna kiwambo cha raba, duara pana kama kiganja, kilichobanwa pembeni kati ya mwili wa vali na kifuniko chake. Chini ya kiwambo kuna kiti, yaani ule mdomo wa duara ambao kiwambo hukalia ili kuziba njia. Juu yake kuna springi na chumba kidogo. Maji kutoka upande wa bomba kuu hupenya kwenye tundu dogo sana na kujaza chumba hicho cha juu. Presha ya juu na ya chini huwa sawa, lakini juu presha inakandamiza eneo pana kuliko chini, hivyo kiwambo kinasukumwa kwenye kiti na kushikiliwa hapo. Ni maji yenyewe yanayoifunga vali. Springi inasaidia tu.

Solenoidi, kile kichupa chenye nyaya mbili, ina kazi moja. Ikipata umeme huinua plunja, kijiti cha chuma kilicho ndani yake, na kufungua njia nyembamba inayoyatoa maji ya chumba cha juu kwenda upande wa springla. Presha ya juu inaanguka, kiwambo kinainuka, maji yanapita.

Sasa tazama mahali uchafu unapoweza kukaa. Ukikaa kati ya kiwambo na kiti, vali inachuruzika. Ukiziba tundu la kujazia chumba cha juu, chumba hakijai, na vali inabaki wazi kabisa. Ukikwama chini ya plunja, maji ya juu yanavuja polepole kupitia njia ya solenoidi, na vali inafunga nusunusu. Ukiziba njia hiyo ya kutolea, vali haifunguki kabisa. Dalili nne, sababu moja.

Je, naweza kujua ni kiwambo au ni solenoidi kabla ya kufungua?

Mara nyingi ndiyo. Kwanza hakikisha skrubu ya kutolea hewa, ile ndogo iliyo kwenye kifuniko, imefungwa, na solenoidi imekazwa kwa mkono hadi mwisho. Kuna vali zinazofunguliwa kwa mkono kwa kuilegeza solenoidi robo mzunguko tu, na mtu akisahau kuirudisha, zoni itavuja mwezi mzima bila kitu chochote kuharibika.

Kisha, kama vali yako ina kishikio cha kurekebisha mtiririko katikati ya kifuniko, kizungushe upande wa kufunga hadi mwisho bila kulazimisha. Kishikio hicho hukandamiza kiwambo moja kwa moja. Mvujo ukikoma au ukibaki mchuruziko mwembamba tu, huenda kiwambo na kiti vinaziba na mashaka yahamie kwenye solenoidi, plunja na njia zake. Mvujo ukiendelea kwa wingi, huenda kuna kitu kimelala juu ya kiti, au raba au kiti kina jeraha. Hesabu mizunguko uliyozungusha ili ukirudishe kilipokuwa.

Njia nyingine, kama una vali mbili za aina moja, ni kubadilishana solenoidi zake baada ya kufunga maji. Mvujo ukihamia zoni ya pili, umempata mwenye kosa.

Nitayarishe vifaa gani?

Bisibisi ya aina inayolingana na skrubu za kifuniko (baadhi ya vali hutumia boliti zinazohitaji spana ndogo), koleo, kikombe au sponji ya kukaushia boksi, ndoo ya maji safi, mswaki wa zamani, kitambaa kisichoacha nyuzi, tochi, na sahani au kikopo cha kuwekea vipande. Ongeza multimita (kifaa cha kupimia umeme) kama unayo, na viunganishi vya nyaya visivyopitisha maji, vile vyenye grisi ndani. Piga picha kwa simu kila hatua. Vali ina vipande vichache, lakini kiwambo kikirudi kimegeuka kidogo tu, kazi yote inarudi mwanzo.

Vipuri usinunue bado. Soma kwanza jina na namba iliyochorwa kwenye kifuniko. Viwambo vya vali mbili za inchi moja vinaweza kufanana machoni na visiingiliane.

Nifunge maji wapi?

Kwenye geti vali, yaani vali ya mkono ya kufungia maji, inayolisha mfumo wa springla, si kwenye taima. Ukiifunga, washa zoni hiyo kwa mkono au legeza skrubu ya kutolea hewa hadi maji yaishe nguvu. Ukifungua kifuniko presha ikiwa bado imo, springi na skrubu zitaruka, na boksi litajaa matope ambayo yataingia moja kwa moja ndani ya vali. Chomoa taima pia. Umeme wa volti 24 hautakuumiza, lakini hutaki zoni iwake ukiwa umeifungua.

Kama maji hayakatiki kabisa hata baada ya kufunga, geti vali yenyewe haizibi. Itengeneze hiyo kwanza.

Naifunguaje na kuisafishaje?

1. Chota maji na tope la ndani ya boksi hadi mwili wa vali uonekane wote. Chimba kidogo chini ya vali ili maji yatakayotoka yawe na mahali pa kwenda. Osha kifuniko kwa nje kabla ya kugusa skrubu hata moja. Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi inayodumu na kazi ya kurudia kesho.

2. Weka alama kwa kalamu kwenye kifuniko na mwili ili ujue kilikaa upande gani.

3. Fungua solenoidi kwa kuizungusha kwa mkono kinyume cha saa. Chunga plunja, springi yake ndogo na oringi, ile pete ya raba ya kuzibia. Nyaya ziache kama zilivyo, isipokuwa ni fupi mno.

4. Legeza skrubu za kifuniko kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, kisha zitoe. Kuna vali zisizo na skrubu kabisa, ambazo kifuniko chake huzungushwa kama cha chupa pana. Inua kifuniko wima, mkono mmoja ukishika springi isiponyoke.

5. Piga picha kiwambo kabla hakijasogea. Tazama tundu lake liko upande gani na kama kuna kijiti cha mwili wa vali kinachopita ndani yake. Kisha kinyanyue.

6. Suuza kiwambo kwa maji safi pande zote mbili. Tundu la kujazia na kichujio chake kidogo visafishwe kwa mswaki na kwa kupuliza. Usichokonoe tundu hilo kwa sindano au msumari. Ukubwa wake umepangwa. Likipanuka, vali itabadilika tabia.

7. Pitisha kidole taratibu kuzunguka kiti. Kinatakiwa kiwe laini mzunguko mzima. Kidole huhisi mkwaruzo ambao jicho halioni.

8. Safisha njia ya kutolea maji ndani ya kifuniko na shimo la solenoidi. Palipo na chokaa nyeupe, loweka kifuniko na plunja ya chuma kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa nusu saa, kisha suuza sana. Raba usiiloweke.

9. Sasa, kabla ya kufunga, fungua geti vali kidogo kwa sekunde 3 hadi 5 maji yasukume nje uchafu uliobaki kwenye bomba, kisha funga tena. Kaa pembeni. Wengi huisafisha vali vizuri halafu wakaiacha punje iliyokuwa bombani ije kukaa palepale.

10. Rudisha kiwambo, springi na kifuniko kwa kufuata picha. Skrubu zote zianze kwa vidole, kisha zikazwe kwa bisibisi ya mkono kwa mtindo wa msalaba, mara mbili au tatu kuzunguka. Usitumie drili. Mwili ni plastiki, na thredi ikikatika hairudi.

11. Rudisha solenoidi na oringi yake, ukaze kwa mkono tu.

Maji niyafungue vipi baada ya hapo?

Polepole sana. Fungua geti vali robo mzunguko, ukiwa umelegeza skrubu ya kutolea hewa. Hewa itatoka ikikohoa, kisha maji matupu. Funga skrubu hiyo, ngoja dakika moja, halafu malizia kufungua. Ukifungua kwa ghafla, hewa iliyobanwa na pigo la maji vinaweza kupasua kiungo kilichokuwa salama.

Vali ikibaki wazi mara tu maji yanaporudi, usikate tamaa. Washa na uzime zoni mara mbili au tatu kwa taima. Chumba cha juu kinahitaji kujaa, na hewa ikiwa bado imo kinachelewa.

Kiwambo nikibadilishe au nikirudishe?

Kinyanyue kwenye mwanga na ukivute kidogo pembeni. Badilisha ukiona tundu lisilokuwa lake, mpasuko, raba iliyokakamaa, iliyovimba au iliyojikunja mawimbi, au alama nzito ya kiti iliyozama na isiyorudi. Alama nyepesi ya duara ni ya kawaida. Kiwambo kikiwa laini na kizima, kisafishe ukirudishe bila wasiwasi.

Ukikibadilisha, chukua cha kampuni na namba ileile. Usikipake vaselini wala grisi ya gari, maana mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za raba. Kwenye oringi unaweza kupaka grisi ya silikoni kidogo. Kiwambo chenyewe kinafungwa kikavu na kisafi.

Nimeona vali inavuja nikabadilisha solenoidi, bado inavuja. Kwa nini?

Kwa sababu koili (waya uliosokotwa ndani ya solenoidi) iliyokufa haivujishi maji. Koili ikiungua, vali haifunguki kabisa. Kwa upande wa solenoidi, mvujo unatoka kwenye sehemu za mitambo: plunja iliyokwama, raba ya ncha yake iliyolika, mchanga chini yake, au oringi iliyokosekana. Solenoidi ni rahisi kubadilisha, ndiyo maana inabadilishwa hovyo.

Kama vali ilikuwa pia inakataa kufunguka, pima. Tenganisha nyaya zake mbili na uweke multimita kwenye kipimo cha ohm. Solenoidi ya volti 24 za umeme wa AC ikiwa nzima husoma takribani ohm 20 hadi 60. Ikisoma karibu na sifuri imeungana ndani. Isiposoma kitu, waya wake umekatika. Nyaya za aina hii hazina chanya wala hasi, uziunge upendavyo. Zile za taima za betri zina rangi mbili, na hapo rangi ni lazima ifuatwe. Vyovyote vile, usiunge kwa tepu ya umeme ya kawaida ndani ya boksi linalojaa maji.

Maji hayatoki kwenye springla, yanajaa ndani ya boksi. Nifanye nini?

Kausha boksi, fungua maji, tazama kwa tochi tone linatokea wapi. Likitokea kwenye ungio la kifuniko na mwili, kuna skrubu iliyolegea au uchafu ulionaswa ukingoni mwa kiwambo. Kukaza peke yake husaidia pale tu skrubu zilipokuwa zimelegea. Likitokea chini ya solenoidi, badilisha oringi. Kwenye skrubu ya kutolea hewa, vivyo hivyo.

Likitokea kwenye thredi za bomba, itabidi ufungue na kuzungushia upya tepu ya Teflon, mara tatu hivi, ukifuata mwelekeo wa kukazia. Kaza kwa mkono, kisha ongeza mzunguko mmoja, usizidi mmoja na nusu. Kukaza zaidi ili kuzuia mvujo ndiko kunakopasua shingo ya vali.

Vali yangu imesimama juu ya ardhi na inatema maji kwenye kofia yake ya juu. Imeharibika?

Hiyo ina kizuizi cha kuzuia maji ya bustani kurudi kwenye maji ya kunywa. Kutema kidogo wakati zoni inaanza ni kawaida. Kutema muda wote zoni ikiwa imewaka maana yake kielea cha ndani kimechafuka au raba yake imechoka. Ondoa kofia, safisha, badilisha kipuri. Usiizibe kofia kamwe. Matundu yale ndiyo usalama wa maji ya nyumba. Vali hiyo pia inatakiwa ikae angalau sentimita 15 juu ya kichwa cha springla kilicho juu kuliko vyote inavyovilisha.

Mwili una ufa mdogo. Naweza kupaka gundi au silikoni?

Hapana. Ufa huo unabeba presha ya bomba kuu, na gundi itashika hadi siku utakayokuwa mbali. Badilisha vali nzima. Fanya hivyo pia kama kiti kina mkwaruzo unaohisika kwa kidole, au thredi za skrubu za kifuniko zimekatika.

Kabla ya kukata bomba jaribu jambo moja: vali mpya ya namba ileile ina kiwambo, kifuniko na solenoidi vinavyoingia kwenye mwili wako wa zamani. Kama mwili na kiti ni vizima, hamisha vya ndani tu, bomba libaki lilivyo.

Ukilazimika kukata, hesabu nafasi kwanza, na uweke yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguliwa bila kukata) pande zote mbili ili mara nyingine vali itoke bila msumeno. Hakikisha mshale ulio kwenye mwili unaelekea yanakokwenda maji. Vali iliyogeuzwa haifungi ipasavyo. Viungo vya PVC vikatwe wima, vifutwe mabaki ya msumeno, vipakwe kiandalizi kisha gundi, vizungushwe robo huku vikisukumwa, vishikiliwe sekunde 30. Muda wa kusubiri kabla ya kuweka presha umeandikwa kwenye kopo la gundi. Uufuate, hasa kukiwa na baridi.

Nimesafisha, nimefunga, na bado haifungi. Nimekosea wapi?

Mara nyingi ni kiwambo kilichogeuka tundu likaziba, springi iliyosahaulika kwenye nyasi, au solenoidi isiyofika mwisho. Fungua tena ulinganishe na picha. Vyote vikiwa sawa, fikiria mtiririko: zoni yenye vichwa vichache sana au ya umwagiliaji wa matone tu inaweza kupitisha maji kidogo kuliko kiwango cha chini ambacho vali imetengenezewa, na kiwambo kinashindwa kufunga kwa uhakika. Kwa vali yenye kishikio cha mtiririko, kipunguze hatua kwa hatua zoni ikiwa imewaka hadi ifunge vizuri. Kwa zoni ya matone, tafuta vali ya mtiririko mdogo.

Mvujo unarudi kila baada ya miezi michache. Kuna dawa?

Maji yako yana mchanga. Kisima, tangi lisilosafishwa, au bomba lililowahi kupasuka na kuunganishwa ndani ya tope, vyote huleta punje. Weka chujio cha kusafishika kabla ya vali zote, cha takribani maikroni 150, mahali unapoweza kulifikia bila kuchimba, na ulifungue mara kwa mara mwanzoni hadi ujue linajaa kwa kasi gani. Kila bomba la upande wa kabla ya vali likitengenezwa, ondoa kiwambo cha vali iliyo mwisho wa laini na utoe maji ya kwanza nje kabla hujawasha zoni yoyote.